Jina Chukua, Mgongo Uniachie

Koti lilikuwa la sufu, rangi ya kahawia, limetoka kwenye fungu la mitumba pale soko la Kasuku, na kifungo chake cha tatu hakikuwepo. Hawa alikuwa ameombwa kukishona wiki tatu zilizopita. Kila siku alisema kesho.

Asubuhi hiyo nyumbani hapakuwa na mtu mzima mwingine. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo cha mama yake, akajitazama ubavu huu, akajitazama ubavu ule. Mwanawe Abdoul, wa miezi kumi, alikaa mkekani akimkodolea macho kama anayemwona mgeni. Koti lilimkaa Hawa vizuri mabegani. Hilo ndilo lililomuuma: lilimkaa kuliko lilivyomkaa mwenye koti.

Mwenye koti ni Safia, mdogo wake, mwanafunzi wa kilimo kwenye chuo kikuu. Mwezi wa sita Safia anapanda ndege, anaenda Ubelgiji miezi mitatu, akafanye utafiti katika maabara ya watu wanaochunguza ugonjwa wa majani ya muhogo. Tangu habari hiyo ifike, nyumba yao ya Mikelenge, mjini Kindu, haikuwa na wimbo mwingine. Majirani waliingia na ushauri mikononi kama watu wanaoleta zawadi za arusi.

"Baridi ya kule inaingilia kwa meno, mutoto wangu. Ufunge mudomo."

"Usikubali kula kila kitu. Uulize kwanza."

Mama yao, mama Hadidja, alianika karanga na samaki wa moshi, akavigeuza mara tatu kwa siku kama vingepotea. Na kwenye kitanda cha Safia, katikati ya magazeti ya zamani, yalilala majani ya muhogo yaliyobanwa yakauke, kila jani na kijikaratasi chake cha jina la shamba.

"Yaya, polepole na mikono ya maji," Safia alimwambia Hawa, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya. "Hayo ni sampuli."

Sampuli! Sombe, kisamvu, ambalo Hawa alianza kulitwanga akiwa na meno ya utoto, leo linaitwa sampuli, tena linalala kitandani, na Abdoul analala mkekani.

Hawa naye alikuwa na safari yake, ila safari hiyo haikuwa na ndege. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akienda masomo ya jioni. Saa kumi, watoto wakishatoka darasani, wakubwa waliingia, wakajibana kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yakagusa kidevu. Abdoul alizaliwa katikati ya sarufi ya Kifaransa. Siku ya arobaini Hawa alirudi darasani naye mgongoni. Mwaka huu Hawa alitaka kufanya mtihani wa Serikali, apate diplome, hati ya kumaliza sekondari, naye asimame siku moja mbele ya ubao badala ya kuutazama. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia habari ya baridi.

Jumatatu ile mwalimu wao, bwana Florentin, aliwaambia: "Kila mutu aende kwa ofisi ya wakaguzi wa shule na cheti cha kuzaliwa, aandikishwe. Mwisho ni mwezi huu."

Cheti Hawa alikuwa nacho. Kilikaa ndani ya kopo la maziwa, kimefungwa kwa plastiki, na hicho cheti kina hadithi yake.

Baba yao, mzee Bulaimu, alikuwa mtu wa reli. Reli ilitaka cheti kwa kila mtoto wa mfanyakazi, kwa hiyo Hawa alipozaliwa, mwezi wa tatu mwaka wa 1995, baba alivaa shati la Ijumaa akaenda kumwandikisha. Safia alizaliwa mwaka wa 2000, vita viko katikati. Treni zilikuwa zimelala, karani wa kuandikisha watoto amekimbilia msituni na familia yake. Watoto wakawa wawili, cheti kikabaki kimoja.

Kisha ukaja mwaka wa 2002, mji ukafungwa. Ndani askari, nje wapiganaji wa Mai-Mai, na mashamba yako katikati. Chumvi ikawa hadithi. Baba akavuka mto Lualaba kwenda kutafuta mchele ng'ambo, na mpaka leo hajavuka kurudi. Kabla ya kuondoka alikifunga kile cheti kiunoni mwa Hawa, chini ya nguo, akamwambia: "Wakikukamata, uwaonyeshe. Hii karatasi njo weye." Ndiyo wewe mwenyewe.

Mama akashikwa na homa, akalala. Hawa alikuwa na miaka saba. Alimfunga Safia mgongoni, akaenda naye shuleni, Safia akalia, mwalimu akasema shule si fasi ya kulea. Siku tatu Hawa alisimama nje ya dirisha, akisoma ubao kwa mbali huku anamrusha-rusha mtoto. Siku ya nne mvua ikanyesha. Hakurudi tena. Tangu hapo, kila alfajiri alikwenda na mzigo wake mgongoni mpaka ukingo wa mashamba, pale ambapo watu wazima waliogopa kufika. Alichuma sombe. Kwa kila mche alichuma majani matatu tu, yale ya juu kabisa, mwenye shamba asitambue na mche usife. Milio ya bunduki ikianza alilala kifudifudi, na Safia alilala juu yake, usingizi mzito, kama yuko kitandani.

Miaka kumi ikapita. Safia akafika darasa la sita, shule ikadai cheti. Mama akalitoa kopo.

"Hawa, weye umeshaachana na masomo. Jina lako liko linalala bure tu. Mupe mudogo wako."

Hawa alikuwa na miaka kumi na saba, mikono imejaa unga wa maandazi aliyokuwa akiuza. Alisema sawa. Mkuu wa shule alikitazama cheti, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa. "Vita vilikula urefu wa watoto," akasema, akagonga muhuri. Tangu siku hiyo yule mdogo nyumbani akawa Safia, shuleni akawa Hawa Bulaimu. Watu wa Kindu wanajua mambo ya namna hiyo, hawaulizi sana.

Basi, Jumanne Hawa alipanga mstari kwenye ofisi ya wakaguzi, pamoja na Josiane, mwenzake wa dawati. Mkaguzi alikipokea cheti, akatafuta kwenye mashine yake, akatabasamu.

"Mama, unatafuta diplome ya nini? Uko nayo."

"Mimi?"

"Hawa Bulaimu, Kindu, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, tisini na tano. Ulipita zamani. Asilimia sitini na nane. Hongera, mama."

Mstari mzima ukacheka. Josiane akampiga kofi la bega. "Mwenzangu! Sisi tunapasuka kichwa, kumbe weye ulifaulu ukiwa usingizini?"

Hawa naye alicheka, maana ukicheka na watu wanakusahau haraka. Lakini njia nzima ya kurudi Mikelenge hakupanda pikipiki wala hakujibu salamu. Ile asilimia sitini na nane ilikuwa imekwama kooni kama mfupa wa samaki. Hakujua kwamba jina likishatumika linaziba mlango nyuma yake.

Alipofika nyumbani Safia hakuwepo, amekwenda kupiga picha za pasipoti. Faili lake lilikuwa kitandani, wazi, juu ya yale majani. Barua iliyokuwa juu ilikuwa ya Kifaransa. Miaka mitatu iliyopita Hawa angeiona kama njia ya siafu. Sasa alikaa chini, akamweka Abdoul titini, akaanza kusoma kwa kidole.

Ilikuwa barua ya kuomba nafasi. *Mimi, Hawa Bulaimu,* barua ilisema, *nilikutana na muhogo wakati wa vita. Nilikuwa na miaka saba. Kila alfajiri nilimbeba mdogo wangu mgongoni kwenda kutafuta majani. Kwa kila mche nilichuma majani matatu tu, ya juu, ili mche usife. Nilisoma nikiwa nje ya dirisha...*

Kidole kikasimama. Akarudi mwanzo, labda amekosea Kifaransa. Hakuwa amekosea. Chini yake palikuwa na jibu la profesa wa kule: *Tumepokea maombi mengi. Yale majani matatu hayakututoka akilini.*

Kumbe si darasa lililompa Safia ndege. Ni mgongo wa Hawa. Alimpa jina, sawa, alilitoa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini ile alfajiri hakuitoa kwa mtu. Hiyo hata kwa mume wake, baba Abdoul, hajawahi kuieleza yote. Na sasa wazungu wa Ubelgiji, watu asiowajua, walikuwa wanampenda msichana wa miaka saba aliyelala kifudifudi matopeni, wanamwita kwa jina lake, wanamwandalia kitanda, na anayekwenda kulala juu ya kitanda hicho ni yule yule aliyelala juu yake wakati ule. Wivu ulimpanda Hawa mpaka maziwa yakakatika. Abdoul akaachia titi, akalia.

Akalifungua kopo. Akakitoa cheti, akakifunga kiunoni chini ya nguo, kama zamani.

Safia aliingia akiimba. "Yaya! Angalia picha, nimetoka kama polisi. Nipe sasa cheti, faili inaondoka Ijumaa na ndege."

"Cheti cha nani?"

"Eh? Cha... chetu."

"Chetu," Hawa alisema. "Na majani matatu ni yetu? Na dirisha, ni letu?"

Safia aliona faili, akaelewa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, polepole, majani yakalia chini yake na safari hii hakuyajali.

"Yaya, karatasi inasema nimezaliwa tisini na tano. Waliuliza kwa nini nimechagua muhogo. Kama ningesema nilikuwa na miaka miwili, wangehesabu, wangeona. Ilibidi hadithi ifanane na cheti."

"Ungesema uongo wako. Kwa nini uongo wako ni ukweli wangu?"

"Na mimi nilikuwa pale! Nilikuwa mgongoni."

"Ulikuwa umelala!"

"Si ulinieleza weye mwenyewe? Mara ngapi? Nikiwa mutoto, nikikataa kula sombe, ulinieleza. Nimelisikia mpaka nikaliona. Wallahi, yaya, nikifunga macho ninaona yale majani kwa mikono yangu."

"Hiyo mikono ilikuwa shingoni mwangu, inaninyonga."

Mama Hadidja aliingia na ungo wa karanga, akakuta watoto wake wamekabiliana kama kuku wanaotaka kupigana. Alipoelezwa, alifanya alivyofanya daima. "Hawa, weye njo mukubwa. Mukubwa ni jalala."

"Mama, hata jalala linajaa."

Jumatano yote hawakusemeshana. Hawa alikwenda darasani, akakaa, hakusikia kitu. Josiane, ambaye sasa alikuwa ameelezwa yote, alimnong'oneza: "Weye enda tu kwa wakaguzi, sema lile jina liliibwa. Wanafuta diplome ya mudogo wako, weye unaandikishwa. Neno moja tu." Hawa aliligeuza neno hilo mdomoni kama kipande cha muwa. Lilikuwa tamu. Akilini alimwona Safia anarudisha koti sokoni. Aliona majirani wanavyobadilisha njia, wasimpe Safia pole. Utamu ulidumu mpaka Alhamisi alfajiri, alipoamka kumnyonyesha Abdoul na kumkuta Safia mkekani, amelala kifudifudi, mdomo wazi, usingizi ule ule mzito wa kijinga. Miaka ishirini na mitatu na bado analala kama kuna mtu chini yake.

Hawa alimtazama muda mrefu. Hasira haikuondoka. Iliketi tu pembeni, ikampisha.

"Amuka," akamwambia, akimsukuma kwa mguu. "Chukua kalamu."

Safia akaamka, macho mekundu.

"Jina, chukua. Nilitoa, sitanyang'anya. Mgongo uniachie. Unaandika kwa profesa leo, mbele yangu. Umwambie aliyechuma majani ni yaya wako. Weye ulikuwa umebebwa."

"Yaya, wakinikatalia?"

"Basi watakukatalia weye, si mimi."

"Na miaka? Watauliza miaka."

"Si walisema majani hayakuwatoka akilini? Hawakusema miaka. Andika."

Safia aliandika kwenye simu, anafuta, anaandika. Hawa alisoma juu ya bega lake, kidole kinafuata. Mahali pamoja akasimama. "Hapa umeandika *tulichuma*. Toa hiyo *tu*."

"Yaya!"

"Toa."

Akaitoa. Barua ikaondoka. Kabla jibu halijaja, Hawa aliifungua ile plastiki kiunoni, akamtupia cheti magotini. Alifanya haraka makusudi, kwa sababu alijijua: angengoja jibu, angeanza kuomba liwe baya.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi, mistari miwili. *Asante kwa kutueleza. Tunakungoja mwezi wa sita, na tungependa kusikia zaidi kutoka kwa dada yako.* Safia aliruka, akamkumbatia mama, akamkumbatia Abdoul, akafika kwa Hawa, akasita. Hawa akampa bega moja. Moyoni alisikitika kidogo kwamba wale wazungu hawakukasirika hata nusu.

Ikabaki shida yake mwenyewe. Mtu asiye na cheti haandikishwi, na cheti chake kimeota mabawa. Njia ilikuwa moja: kwenda kortini na shahidi aliyemzaa, kuomba hukumu ya kuthibitisha kuzaliwa. Jumatatu Hawa alimwambia mama yake avae viatu.

Karani wa korti alikuwa mzee mwembamba wa miwani, kalamu tatu mfukoni. "Jina la anayeomba?"

Hilo Hawa alikuwa amelifikiria usiku na mchana. Kama ni kubadilishana, na wabadilishane basi. "Safia Bulaimu. Halijawahi kuandikwa mahali. Liko jipya."

"Tarehe?"

Hapo mama alimkanyaga mguu. Hawa akauondoa. "Kumi na nne, mwezi wa tatu, tisini na tano. Hiyo simwachii mtu."

Karani aliandika, kisha akawatazama kwa juu ya miwani. "Baba Bulaimu, wa reli? Wiki iliyopita nilipitisha nakala ya cheti kwa ajili ya pasipoti. Hawa Bulaimu. Baba huyo huyo, siku hiyo hiyo."

Feni ilizunguka. Hawa aliona kila kitu kinaanguka: ndege, mtihani, vyote pamoja, na kwa sekunde moja mbaya aliona haki imetendeka.

"Mapacha," mama Hadidja alisema.

Hawa akageuka, akamkodolea macho.

"Mapacha," mama akarudia. "Baba yao aliandikisha mumoja. Wa pili... mambo yalikuwa mingi."

"Na nani alitangulia?" karani akauliza, maana pacha bila mpangilio si pacha, anayetangulia ana heshima yake na anayefuata ana yake.

Mama alikuwa mwanamke wa kusema *weye njo mukubwa* kila alipotaka kuomba kitu. Hakuwahi kulisema kwa ajili ya kutoa. Akanyanyua mkono, akauweka kwenye bega la Hawa, kisha mkono ukateleza ukafika mgongoni, pale ambapo kitambaa cha Abdoul kilikuwa kimefungwa, ukabaki pale.

"Huyu," akasema. "Huyu njo alitangulia. Na yule mwingine, huyu njo alimubeba. Mimi nilikuwa nimelala. Huyu njo alitulisha."

Kalamu ya karani ikasimama hewani. "Mama. Pacha alimbeba pacha?"

"Ilikuwa vita," mama alisema.

Karani alikuwa mtu wa Kindu, na mwaka ule naye alikuwepo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. Hakuuliza tena. Akaandika.

Jioni ile Hawa alikishona kifungo. Hakupata cha kahawia, akatoa cheusi kwenye blauzi yake ya darasani, akakikaza kwa uzi mara nne.

Katikati ya mwezi wa sita picha ilifika kwenye simu kutoka Ubelgiji, saa kumi na dakika chache, bwana Florentin akiwa bado anapangusa ubao. Safia mbele ya mlango wa kioo, amejifunga koti, ingawa watu wengine nyuma yake wamevaa mashati ya mikono mifupi, na kifuani kadi ya maabara. Hawa akaikuza kwa vidole viwili mpaka pakabaki jina tu. HAWA BULAIMU. Pale pale, mfupa wa samaki ukajigeuza kooni. Akaisogeza picha chini. Kifungo cheusi. Kilikuwa kimeshika.

"Bulaimu Safia!" mwalimu akaita.

Hakuna aliyejibu. Josiane akampiga kiwiko. "Weye! Si njo weye?"

"Niko," Hawa akasema, akazima simu, akamsogeza Abdoul mgongoni, akafungua daftari.